Kabari za Gofu: Jinsi Fizikia Inavyomsaidia Mchezaji wa Kati Kuchagua Fimbo

Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa mapema kwamba kabari ni mojawapo ya mashine sahili. Ni kipande cha chuma au cha mti chenye ncha nyembamba na kitako kinene. Kikigongwa kwa nyundo, kani iliyotoka juu hugeuzwa mwelekeo ikasukuma pande mbili za gogo hata likapasuka. Shoka, patasi na ulimi wa plau ni kabari pia. Wachezaji wa gofu nao wana kabari zao, ambazo viwanjani zimezoeleka kwa jina la weji. Ni fimbo za chuma zenye mpini mfupi na uso ulioinama sana kuelekea nyuma, nazo hutumika mpira unapokuwa umebakisha kiasi cha mita 120 au pungufu kulifikia shimo.

Makala hii inakusudia kueleza kanuni za fizikia zinazotawala kazi ya fimbo hizo, na kuonyesha jinsi mchezaji wa kiwango cha kati anavyoweza kuzitumia kanuni hizo anapochagua za kununua. Mchezaji wa kati ni yule ambaye hendikapu yake iko baina ya 10 na 20. Amekwisha kujifunza kuupiga mpira, lakini hajaweza kuurudia mpigo ule ule kila mara. Mtu huyu ndiye anayepoteza fedha nyingi zaidi dukani, kwa sababu anajua kwamba fimbo hazifanani, ila hajui tofauti zipi ni za kweli na zipi ni za matangazo.

Jambo lenyewe si dogo kwake. Katika kiwanja ambacho idadi ya mapigo iliyowekwa ni 72, mapigo 36 hukadiriwa kuwa ya kuusukuma mpira juu ya majani mafupi yanayozunguka mashimo. Yakiongezwa na mapigo mafupi ya kuufikisha mpira hapo, zaidi ya nusu ya mchezo wote huwa karibu na shimo. Aidha, sheria za gofu humruhusu mchezaji kuchukua fimbo zisizozidi 14, kanuni iliyoanza Marekani mwaka 1938 na kufuatwa Uingereza mwaka 1939. Kila kabari inayoongezwa mfukoni huitoa fimbo nyingine, kwa hiyo uteuzi wake ni hesabu ya kugawa kitu kisichotosha.

Pembe ya mwinamo

Sifa ya kwanza ya kabari ni pembe ya mwinamo, yaani pembe iliyopo baina ya uso wa fimbo na mstari wima wakati mpini umesimama wima. Kwa kawaida kabari hugawanywa katika makundi manne. Kabari ya kutupia huwa na nyuzi 43 hadi 48. Kabari ya pengo, iliyopewa jina hilo kwa kuwa huziba pengo baina ya jirani zake, huwa na nyuzi 49 hadi 53. Kabari ya mchanga huwa na nyuzi 54 hadi 57, na kabari ya kuinua, ambayo hurusha mpira juu sana na mbali kidogo, huwa na nyuzi 58 hadi 62.

Ili kufahamu kwa nini pembe kubwa hufupisha safari ya mpira, kasi ya kichwa cha fimbo igawanywe katika sehemu mbili. Ya kwanza husukuma kwa pembe mraba na uso wa fimbo. Ya pili ni sambamba na uso huo. Fimbo ikienda mlalo kwa kasi v na uso ukiwa umeinama kwa pembe θ, sehemu ya kwanza ni v kosaini θ na ya pili ni v saini θ. Sehemu ya kwanza ndiyo inayoubana mpira na kuurusha. Ya pili huusugua na kuuzungusha. Kwa nyuzi 46, kosaini ni 0.69 na saini ni 0.72. Kwa nyuzi 56, kosaini hushuka kuwa 0.56 na saini hupanda kuwa 0.83. Kwa kuongeza nyuzi 10 tu, sehemu ya kurusha imepungua kwa kama moja ya tano, na ya kuzungusha imeongezeka. Hii ndiyo sababu mchezaji anaweza kutumia nguvu zile zile, akabadili fimbo tu, na mpira ukaenda masafa mengine.

Hata hivyo, mpira hautoki kwa pembe sawa na ile ya fimbo. Vipimo vya rada kwa wachezaji wa kulipwa huonyesha kwamba kwa kabari ya kutupia mpira hutoka kwa kasi ya kama mita 46 kwa sekunde, kwa pembe ya nyuzi 24 hivi kutoka ardhini, huku ukizunguka zaidi ya mara 9,000 kwa dakika. Pembe hiyo ni ndogo kwa sababu mchezaji hodari hutanguliza mikono mbele ya kichwa cha fimbo, fimbo yenyewe huwa inashuka, na msuguano huuvuta mpira kufuata uelekeo wa fimbo.

Mwanafunzi akitumia kanuni ya kombora aliyoisoma darasani, isiyohesabu hewa, atapata kwamba mpira wa kasi hiyo ungesafiri mita 160. Kwa kweli husafiri kama mita 124. Tofauti hiyo husababishwa na hewa. Mpira wa gofu, wenye kipenyo kisichopungua milimita 42.67 na tungamo lisilozidi gramu 45.93, una uzito wa nyutoni 0.45. Unapotoka kwenye fimbo kwa kasi iliyotajwa, ukinzani wa hewa hufikia kama nusu nyutoni, yaani hushindana na uzito wa mpira wenyewe. Wakati huo huo, mzunguko wake wa kinyume huikokota hewa ya juu iende haraka zaidi kuliko ya chini, na mpira hupata kani ya kuelea. Heinrich Gustav Magnus wa Ujerumani alichunguza jambo hili katika miaka ya 1850 kwa vitu vinavyozunguka hewani. Peter Guthrie Tait wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alilieleza kwa mpira wa gofu katika miaka ya 1890. Mwanawe, Frederick, alikuwa mchezaji maarufu aliyeshinda ubingwa wa wachezaji wa ridhaa wa Uingereza mwaka 1896 na 1898.

Namba iliyochorwa na pembe ya kweli

Tatizo la kwanza la mnunuzi ni kwamba herufi au namba zilizochorwa kwenye fimbo hazina kipimo kimoja. Katika miaka ya 1970 kabari ya kutupia ilikuwa na nyuzi zinazokaribia 50. Baadaye watengenezaji walijifunza kuuweka uzito wa kichwa chini zaidi na kuufanya uso kuwa mwembamba, mambo ambayo huupandisha mpira juu. Kwa kuwa mpira ulikuwa sasa unapaa bila shida, waliweza kuusimamisha uso wa fimbo kidogo ili mpira uende mbali zaidi, na umbali huuza. Leo fimbo nyingi zinazotengenezwa kwa wachezaji wa kati zina kabari ya kutupia ya nyuzi 43 au 44. Zamani hiyo ingeitwa fimbo ya chuma namba 9.

Lakini kabari ya mchanga haikubadilika. Ilibaki kwenye nyuzi 55 au 56, kwa kuwa kazi yake ni ile ile. Matokeo yake ni shimo kubwa katikati ya seti. Ichukuliwe mfano wa mchezaji mwenye kabari ya kutupia ya nyuzi 44 anayoipigia mita 105, na kabari ya mchanga ya nyuzi 56 anayoipigia mita 70. Baina yao pana nyuzi 12 na mita 35. Mpira ukisimama mita 88 kutoka shimoni, mchezaji huyu hana fimbo. Atalazimika kuipunguza nguvu fimbo ndefu, au kuilazimisha fupi kupita uwezo wake. Yote mawili yanahitaji ustadi ambao, kwa maana ya hendikapu yake, bado hajaupata. Kabari ya nyuzi 50 ingeliziba pengo hilo katikati kabisa.

Kanuni inayofaa basi ni hii: mchezaji aanze na pembe ya kweli ya kabari yake ya kutupia, kisha apange nyingine kwa hatua zinazolingana za nyuzi 4 hadi 6. Mwenye nyuzi 44 anaweza kuchukua 50 na 56. Mwenye nyuzi 46 anaweza kuchukua 51 na 56. Mwenye seti ya zamani ya nyuzi 50 huenda asihitaji kabari ya pengo hata kidogo, ijapokuwa muuzaji atamwambia kwamba kila mtu anayo.

Je, aongeze ya nyuzi 60? Hapa hesabu inashauri tahadhari. Badiliko la sehemu ya kurusha kwa kosa dogo la pembe hulingana na tanjenti ya pembe hiyo. Tanjenti ya nyuzi 45 ni 1. Ya nyuzi 60 ni 1.73. Maana yake, mchezaji akikosea kwa uzi mmoja wakati wa kupiga, atapoteza au kuongeza kama asilimia 1.7 ya sehemu hiyo kwa fimbo ya nyuzi 45, lakini asilimia 3 kwa fimbo ya nyuzi 60. Kosa lile lile hugharimu karibu mara mbili. Isitoshe, fimbo hiyo hudai mzunguko mkubwa wa mikono kwa masafa madogo, na ukingo wake ukigusa tumbo la mpira badala ya kupita chini yake, mpira huruka kama risasi na kuvuka upande wa pili. Ni chombo cha kumvusha mpira juu ya mti au kuushusha mahali pembamba, nacho kinamfaa aliye tayari kukifanyia mazoezi ya kila juma.

Msuguano na mifuo

Ili mpira uzunguke, lazima uso wa fimbo uushike. Kukutana kwa fimbo na mpira huchukua kiasi cha nusu ya sehemu ya elfu moja ya sekunde. Katika muda huo mpira huanza kwa kuteleza, na kama msuguano unatosha, humaliza kwa kubingirika juu ya uso. Ikichukuliwa kwamba mpira ni tufe gumu na kichwa cha fimbo ni kizito sana kuuzidi, kizigeu cha msuguano kinachohitajika ni mbili ya saba ya tanjenti θ, kugawanywa kwa moja jumlisha kizigeu cha mdundo wa mpira. Kizigeu hicho cha mdundo kikichukuliwa kuwa 0.75, fimbo ya nyuzi 46 huhitaji msuguano wa 0.17, ya nyuzi 56 huhitaji 0.24, na ya nyuzi 60 huhitaji 0.28. Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini inafundisha jambo la maana: kadiri uso unavyoinama zaidi, ndivyo unavyotegemea zaidi msuguano. Maji au utomvu wa nyasi ukiingia kati, mpira huteleza, huondoka juu zaidi kuliko kawaida, huzunguka kidogo, na ukitua hausimami.

Kazi ya mifuo iliyochongwa usoni ni kama kazi ya kashata za tairi la gari. Tairi lisilo na kashata hushika vizuri lami kavu. Ni siku ya mvua ndipo kashata zinapohitajika, ziyapokee maji yaliyobanwa. Vivyo hivyo mifuo hupokea maji na nyasi zilizosagika ili chuma kiuguse mpira. Kwa sababu mifuo mikali iliwawezesha wachezaji wa kulipwa kuusimamisha mpira hata kutoka kwenye nyasi ndefu, vyombo vinavyotunga sheria za gofu viliweka kanuni mpya iliyoanza mwaka 2010. Kwa fimbo zilizotengenezwa tangu hapo, zenye nyuzi 25 au zaidi, eneo la mfuo lilipunguzwa na ukali wa kingo zake ukawekewa mpaka. Upana wa mfuo hauruhusiwi kuzidi milimita 0.9, wala kina chake kuzidi milimita 0.508.

Mchanga ni adui wa mifuo. Kila mpigo kutoka mchangani husaga kingo zake kama msasa. Anayenunua fimbo iliyokwisha kutumika, kama wafanyavyo wachezaji wengi wa Afrika Mashariki, hana budi kupitisha ukucha juu ya mifuo ya katikati ya uso na kuilinganisha na ile ya pembeni isiyoguswa na mpira. Ukucha ukikwama pembeni na kuteleza katikati, fimbo hiyo imekwisha kuzeeka, hata kama inang'aa. Kuichonga upya kwa tupa si dawa, kwani ni rahisi kuvuka vipimo vya sheria.

Kwa upande mwingine, suala la chuma kilichofuliwa au kilichomiminwa kwenye kalibu huongeza bei kuliko linavyoongeza faida. Mkono unaweza kuhisi tofauti na sikio likasikia mlio mwingine, lakini safari ya mpira huamuliwa na pembe, kasi, msuguano na mahali mpira ulipogusa uso.

Wayo na pembe ya mdundo

Sifa ya pili ya kabari haionekani kwa anayeitazama usoni. Fimbo igeuzwe ionekane chini yake, mahali panapogusa ardhi, panapoweza kuitwa wayo. Kwenye kabari nyingi, sehemu ya nyuma ya wayo iko chini kuliko ukingo wa mbele. Pembe iliyopo baina ya wayo na ardhi, mpini ukiwa wima, ni pembe ya mdundo. Huanzia nyuzi 4 na kufikia 14 hivi, na mara nyingi huchorwa kwenye fimbo karibu na pembe ya mwinamo.

Historia ya sifa hii inafundisha. Hapo awali mchezaji aliyeingia katika shimo la mchanga alitumia fimbo yenye ukingo mwembamba, ambayo ilizama kama jembe. Wengine walijaribu fimbo zenye uso uliobonyea kama kijiko, nazo zikapigwa marufuku mwaka 1931. Wakati huo Gene Sarazen, mchezaji wa Marekani, aliongeza risasi ya kulehemu chini ya fimbo yake mpaka sehemu ya nyuma ya wayo ikashuka kuliko ukingo wa mbele. Ilipogonga mchanga, haikuzama. Iliteleza na kuinuka. Akiwa nayo alishinda shindano kuu la wazi la Uingereza mwaka 1932 katika kiwanja cha Prince's, Sandwich, na fimbo ya aina hiyo ikaenea duniani.

Fizikia yake ni nyepesi. Fimbo ikishuka mchangani na wayo ukiwa umeinuka mbele, mchanga husukumwa chini na mbele, nao kwa sheria ya tatu ya Newton huusukuma wayo juu. Fimbo hupita chini ya mpira bila kuugusa, na mpira hutupwa nje pamoja na tabaka la mchanga. Pembe ya mdundo ikiwa ndogo mno, kani ya juu haitoshi na fimbo huchimba. Ikiwa kubwa mno juu ya ardhi ngumu, fimbo hudunda kabla ya kuufikia mpira, na ukingo hugonga mpira katikati.

Lazima ifahamike pia kwamba pembe ya mdundo iliyochorwa si ile inayofanya kazi. Mchezaji akiitanguliza mikono hata mpini ukainama mbele kwa nyuzi 5, kabari ya nyuzi 56 yenye mdundo wa nyuzi 10 huwa, kwa mpigo huo, fimbo ya nyuzi 51 yenye mdundo wa nyuzi 5. Akiufungua uso wa fimbo uangalie juu zaidi, pembe zote mbili huongezeka. Kwa hiyo anayeshusha fimbo kwa ukali na kung'oa vipande vinene vya nyasi anahitaji mdundo mkubwa, nyuzi 10 hadi 14, ili fimbo isizame. Anayepitisha fimbo chini chini, akizikwangua nyasi bila kuzing'oa, anafaa mdundo mdogo, nyuzi 4 hadi 8. Asiyejijua ni wa kundi lipi achukue wa kati, na atazame alama anazoacha ardhini.

Ardhi na hewa ya hapa kwetu

Mashauri mengi ya kununua fimbo huandikwa kwa ajili ya ardhi ya Ulaya na Marekani. Mchezaji wa Afrika Mashariki hana budi kuyapima kwa ardhi anayoikanyaga. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao Tanzania huitwa udongo wa mbuga na ambao umeenea pia sehemu za Nairobi, hunata wakati wa mvua na kuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi. Masika, fimbo yenye ukingo mkali huzama humo. Kiangazi, wayo mnene hudunda. Mwambaoni, ambako ardhi ni ya kichanga, hatari kubwa ni kuzama. Mchezaji anayecheza kiwanja kimoja mwaka mzima anaweza kuzisambaza kabari zake: ya mchanga awe nayo yenye mdundo wa nyuzi 12, na ya pengo yenye nyuzi 8, ili aweze kuchagua wayo kama achaguavyo pembe.

Zipo pia nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na ambazo zimesafirishwa mpaka viwanja vya ng'ambo, kikiwemo kiwanja mashuhuri cha Riviera huko Los Angeles. Shina zake nene huusimamisha mpira juu ya ardhi na kukikamata kichwa cha fimbo. Mpira uliokaa juu hivyo ni rahisi kupita chini yake kabisa kwa kabari ya nyuzi 60; ya nyuzi 52 au 56 huwa salama zaidi.

Hewa nayo hubadilika kwa mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na densiti ya hewa yake ni pungufu kwa kama asilimia 15 kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Ukinzani hupungua, na kani ya kuelea hupungua pia, kwa hiyo mpira huenda mbali zaidi na kutua kwa mteremko mdogo zaidi. Anayesafiri kutoka pwani kwenda bara asiulaumu mkono wake mpira unapopitiliza. Azipime upya fimbo zake, kwani masafa yamebadilika ingawa pembe ni zile zile.

Kupima kabla ya kununua

Kazi zifuatazo zinaweza kufanywa na mchezaji, au na mwalimu pamoja na wanafunzi wake, kwa vifaa vya kawaida.

Kwanza, pembe ya mwinamo. Fimbo isimamishwe kando ya timazi, mpini ukiwa sambamba na uzi wake ukitazamwa kutoka upande wa ncha ya kichwa. Rula nyembamba ilazwe juu ya uso wa fimbo, na pembe baina ya rula na uzi isomwe kwa kipimapembe. Kosa la uzi mmoja au mbili halitaharibu uamuzi, lakini tofauti ya nyuzi 5 baina ya fimbo mbili zenye jina moja itaonekana wazi.

Pili, kazi ya wayo. Beseni lijazwe mchanga mkavu. Rula ya chuma ishikwe kwa mshazari na kuvutwa kwa makali yake kupita mchangani, itazama. Kijiko kivutwe hivyo hivyo kwa mgongo wake, kitaelea. Kisha mchanga uloweshwe na kushindiliwa, na jaribio lirudiwe. Sasa kijiko kitarukaruka, na rula itapita bila kuzama sana. Mwanafunzi aliyefanya jaribio hili hahitaji kuambiwa kwa nini hakuna pembe moja ya mdundo iliyo bora kuliko zote.

Tatu, masafa. Mchezaji apige mipira 10 kwa kila fimbo, kwa nguvu ya kawaida, na mahali kila mpira ulipotua papimwe. Ichukuliwe namba ya katikati badala ya wastani. Kwa mfano, mipira ikienda mita 92, 95, 88, 94, 61, 96, 90, 93, 91 na 97, wastani ni mita 89.7, kwa sababu mpigo mmoja mbovu wa mita 61 umezivuta namba zote chini. Namba ya katikati ni 92.5, nayo ndiyo inayosema kweli juu ya fimbo. Mpigo ule wa 61 unasema kweli juu ya mchezaji, naye asiufute katika daftari lake.

Vipimo hivi vikiisha, uamuzi huwa mwepesi. Pengo linalozidi mita 20 baina ya fimbo mbili linastahili kabari mpya. Pengo la mita 8 halistahili. Fimbo ya kutolewa mfukoni ni ile ndefu ya chuma ambayo mchezaji huiogopa na haitumii ila mara chache. Mdundo uchaguliwe kwa namna mtu anavyopiga na ardhi anayopigia, mifuo ikaguliwe kwa ukucha, na jina la mtengenezaji liwe jambo la mwisho kuangaliwa. Mchezaji wengi wao hufanya kinyume, wakaanza na jina. Mwenye timazi, kipimapembe na daftari anaweza kununua kabari mbili zilizokwisha kutumika, zikamfaa kuliko nne mpya zilizonunuliwa kwa kubahatisha.